Vipepeo Vinne vya Sinia

Jumatatu, 3 Juni

Nimesaga valvu sita. Bado kumi. Hedi, kichwa cha injini ya gari la mwalimu mstaafu, imelala mezani kama samaki aliyepasuliwa. Kijiti chenye kikombe cha mpira, dawa ya kusagia, pekecha kushoto, pekecha kulia, kama mtu anayewasha moto wa kizamani. Zamani injini ya silinda nne ilikuwa na valvu nane, unamaliza kabla ya chai ya saa nne. Sasa kumi na sita. Wajapani wanadhani sisi hatuna wake wa kurudi kwao.

Daftari hili lilikuwa la kuandikia kazi za gereji. Kazi zimepungua, uongo umeongezeka, kwa hiyo naandika vyote.

Kalunde ameondoka asubuhi na pikapu yake kwenda Usoke. Huyu ni binti yangu wa mwisho. Miaka saba ameshona sare za shule hapa mtaa wa Ng'ambo, Tabora, mpaka akapata hiyo pikapu. Wafuga nyuki wa vijiji vya ndani kule wanatafuta mtu wa kuwasombea asali msimu mzima. Wamempa majaribio mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Akiweza, kazi yake. Akishindwa, wanampa bwana mmoja mwenye lori.

Atashindwaje? Injini nimeifanya mimi mwenyewe mwezi wa nne. Inapumua kama mtoto aliyelala. Najisifu mwenyewe, maana mama yake aligoma kunisifu tangu tulipofunga ndoa.

Jumatano, 5 Juni

Kalunde karudi, uso kama mtu aliyemeza nyuki. Amekwama mchangani mara tatu. Ndoo ishirini tu za asali, pikapu ikakata roho kwenye gia namba moja. Akashusha nusu, akavusha, akarudi kuchukua nusu. Wazee wa nyuki wamekaa kwenye magogo wanamtazama kama sinema.

"Baba, ikiwa tupu inaruka. Kwenye lami inaruka. Ikibeba mzigo mchangani, haina pumzi."

Nikasema ni petroli chafu. Limetoka tu, kama kikohozi. Akamkumbuka mama mmoja pale Usoke anayeuza petroli kwenye chupa. Kesho atamsema. Nikamwambia mseme.

Nimekula ugali na nsansa, mboga ya majani makavu. Nimekula vizuri na nikaongeza. Aibu iko hapo.

Alhamisi, 6 Juni

Kamsema. Mbele ya bodaboda wote. Kanipigia simu kunieleza, anacheka. Kisha akasema amekwama tena.

Ijumaa, 7 Juni

Leo Mama Kalunde alikuwa anamwagilia mchicha. Maji ya bomba yanatoka kiuvivu, yanadondoka miguuni pake. Akaweka kidole gumba kwenye mdomo wa mpira, akaziba nusu. Maji yakaruka mpaka tuta la mwisho.

Nimeiacha chai ikapoa. Wameingia nzi wawili. Sijali.

Niandike, maana hakuna anayesoma hapa zaidi yangu. Kwenye injini ya Kalunde kila silinda ina matundu mawili ya kuingizia hewa. Silinda nne, matundu manane. Mwezi wa nne nilipofungua, nikakuta matundu manne yana vipepeo, yaani visahani vidogo vya shaba vilivyofungwa kwa skrubu kwenye fimbo moja. Fimbo ikizunguka vinaziba, ikirudi vinafungua. Nikacheka. Nikasema huyu Mjapani kachimba visima vinane halafu kafunika vinne. Mimi fundi wa miaka arobaini, nimetoa thamostati, kile kizibo cha maji ya kupoza injini, kwenye kila gari lililopita mikononi mwangu, na hakuna aliyekufa. Gari lipumue! Ndiyo dini yangu ya pili baada ya Ukatoliki, na hii ya pili naishika zaidi.

Nikavifungua skrubu vyote vinne, nikavitupia kwenye kopo. Fimbo nikaiacha mahali pake. Kikopo kinachoivuta nikakiziba mpira wake kwa msumari. Nikalipeleka gari tupu barabara ya Puge, likaruka. Nikarudi nikiimba.

Na kama vile vipepeo vilikuwa kidole gumba cha Mama Kalunde?

Mungu wangu. Labda si hivyo.

Jumamosi, 8 Juni

Ni hivyo.

Kaja mkulima mmoja kutoka Puge kubadilisha plagi. Gari lake ni pacha wa la Kalunde, injini ileile, na hakuna fundi mjuaji aliyeigusa. Nikamwomba anipigie resi kidogo. Akaniuliza kuna ubovu gani. Nikamwambia upo, ila si kwenye gari lako.

Nikainama. Injini ikinguruma taratibu, kikopo kimeivuta fimbo, vipepeo vimefunga. Matundu manne tu yanafanya kazi, moja kila silinda. Hewa yote inajibana humo, inakimbia, inaingia ikijizungusha kama kimbunga cha vumbi uwanjani, inaikoroga petroli vizuri. Akikanyaga mpaka injini ilie, fimbo inaachia, vipepeo vinafunguka, matundu yote manane yanakunywa. Kumbe Mjapani hakusahau kitu. Ameweka milango miwili kwa ajili ya mbio, na ameufunga mmoja kwa ajili ya mzigo.

Mimi nimeiacha yote wazi. Kwenye mchanga, gia ya kwanza, hewa inaingia ikitembea kama mgeni wa harusi aliyechelewa. Petroli inadondoka bila kukorogeka. Gari linakufa.

Nimemsomesha mwanangu, nimembariki, halafu nimemnyonga kwa bisibisi.

Jumapili, 9 Juni

Misa. Padri kahubiri juu ya mtumishi mwaminifu. Nikatazama dari.

Baada ya chakula nikatafuta kopo nililotupia vile vipepeo. Halipo. Nikamuuliza Mama Kalunde kwa sauti ya mtu asiyejali. Kumbe alimpa yule kijana wa vyuma chakavu, pamoja na bomba bovu na betri, akapewa beseni la bluu. Beseni zuri, anasema. Halivuji.

Jioni alinipa maji ya kunawa ndani ya beseni hilo. Nikanawa nguvu za pikapu ya mwanangu. Maji yalikuwa ya vuguvugu.

Jumatatu, 10 Juni

Nimepiga simu Dar es Salaam kwa muuza spea. Anasema vipepeo peke yake haviuzwi, ni kuchukua tumbo zima la kuingizia hewa, na analo moja tu, na hana hakika kama ni lenyewe. Kulituma na kulipokea, wiki. Ijumaa haitusubiri.

Kalunde kapiga. Sauti ndogo. Mwenyekiti wa wafuga nyuki kamwambia Ijumaa kutakuwa na ndoo thelathini na tano, zitoke porini asubuhi zifike Tabora kabla mnunuzi hajafunga. Safari moja. Hakuna kushusha mzigo na kurudi. Yule bwana wa lori ameshaonekana pale kijijini, amevaa kofia mpya.

Nimeogopa. Miaka sitini na nane na nimeogopa mtoto wangu atanionaje.

Jumanne, 11 Juni

Nitavikata mwenyewe. Bati linapinda, alumini laini. Nataka shaba. Nimezunguka Ng'ambo yote, nikaishia dukani kwa Nasoro.

Nasoro ni Mwarabu wangu. Ukoo wake ulikuja na misafara kutoka pwani, ukoo wangu ndio uliobeba mizigo ya misafara hiyo, na sisi wawili tumetaniana tangu tukiwa na kaptula zenye matundu. Nyuma ya kaunta yake linaning'inia sinia la shaba la bibi yake. Lina ufa upande mmoja tangu walipoliangusha harusini. Halipakuliwi tena pilau, linatazamwa tu.

Nikalitazama. Akaniona nikilitazama.

"Hapana," akasema, sijafungua hata mdomo.

"Sijasema kitu."

"Mnyamwezi, jicho lako nalijua. Sinia hili babu yako alilibeba kichwani kutoka pwani mpaka hapa, hakulidondosha hata mara moja. Wewe leo unalijia mkono mfukoni?"

"Ndiyo maana nimekuja. Babu alichoka. Mimi nabeba vipande."

Akacheka mpaka akashika kaunta. Kisha akauliza ni vya nani. Nikasema vya Kalunde. Nikamweleza yote, kosa na beseni. Hakunitania. Hilo liliniumiza zaidi. Kalunde akiwa mdogo alikuwa anapita pale akitoka shule, Nasoro anampa tende mbili, moja ya njiani, moja ya nyumbani, na ya nyumbani haikuwahi kufika.

Akapanda kwenye stuli, mzee mwenzangu mwenye magoti mabovu, akalishusha mwenyewe. Akalifuta vumbi kwa kanzu.

"Kata upande wenye ufa," akasema.

Jumatano, 12 Juni

Asubuhi nimekata visahani viwili. Nimepima tundu kwa mkono wangu wenye uzoefu, nikachora duara, msumeno, tupa, jiriwa. Duara safi, hata senti ya zamani ingeona wivu. Kwenye tundu vikagoma. Kipepeo hakilali sawasawa kama kizibo cha chupa, kinalala kimeinama. Duara likiinama linaacha mwanga juu na chini, na pembeni linakwama. Shaba ya bibi ya Nasoro, vipande viwili, vimeharibika. Nikakaa chini.

Saa sita Kalunde akaingia na pikapu. Kafunga kanga kichwani, vumbi mpaka kwenye kope. "Shikamoo baba." Marahaba. Nikafungua boneti, nikainama ndani kabisa, maana mtu akiinama uso hauonekani, nikamwambia. Vipepeo, barabara ya Puge, mpira wa mchicha, yule mkulima, beseni. Nikamwambia petroli ya yule mama haikuwa na kosa lolote.

Kuku wa jirani wakapita chini ya gari.

"Baba, nimemtukana mama wa watu."

"Umemtukana."

"Wewe ndiye uliyesema nimseme."

"Mimi."

"Na ulikuwa unajua?"

"Jumatano sikujua. Jumamosi ndiyo nilijua."

"Leo ni Jumatano nyingine."

Nilikuwa natazama betri. Nikasikia nyayo zake zikiingia ndani na nikajua amekwenda kumweleza mama yake, na kwamba mimi sitakula katika nyumba hii mpaka Krismasi.

Akarudi na mkasi wake wa kushonea na jalada la daftari la zamani. Akauliza kipepeo kinalalaje. Nikamwonyesha. Akapachika jalada kwenye fimbo, akaliinamisha vile linavyotakiwa kulala, akaanza kulipunguza pembeni kidogo kidogo, anatazama mwanga, anapunguza, mpaka mwanga ukakoma. Akalitoa, akalinyoosha mbele ya pua yangu. Limerefuka kidogo, kama yai lililokaliwa.

"Hili si duara, baba. Hii ni shingo ya gauni. Ungekata kwanza kwa karatasi."

Miaka arobaini ya ufundi nimefundishwa na mkata sare. Nimefurahi mpaka nikaona aibu kufurahi. Tumekata vinne. Yeye anachora, mimi napiga tupa. Hakuniambia neno lolote zaidi ya "punguza" na "basi". Ufa wa sinia ukaisha palepale kilipoishia kipande cha nne.

Alhamisi, 13 Juni

Tumefunga. Skrubu nane, mbili kila kipepeo. Hapa ndipo nywele zinasimama. Skrubu moja ikilegea, inavutwa na hewa, inapita tunduni, inaangukia kwenye pistoni, na valvu kumi na sita zinakuwa kokoto. Kwa hiyo kila skrubu nimeikaza, kisha mkia wake nimeupondea nyuma kwa nyundo ndogo mpaka ukatawanyika kama kichwa cha uyoga. Kalunde akajaribu kila moja kwa bisibisi yake mwenyewe. Sasa haniamini. Sawa. Asiniamini.

Nikautoa ule msumari kwenye mpira wa kikopo. Nikawasha. Kikopo kikavuta fimbo, tik. Vipepeo vikalala. Resi, vikaamka.

Tumepakia mawe na mifuko ya mchanga mpaka springi zikalia, tukaenda kwenye njia ya mchanga upande wa pili wa reli. Mama Kalunde akataka kuja. Akakaa katikati na rozari. Kalunde akaweka gia ya kwanza, mguu mwepesi. Gari likazama kidogo, likafikiri, likavuta. Polepole, kama ng'ombe anayejua nyumbani ni wapi. Likatoka.

Mama Kalunde akamsifu Bikira Maria. Nikamwambia shaba ni ya Mwislamu, ajaribu kugawa sifa. Akanipiga kiwiko. Ni mara ya kwanza ananigusa tangu jana.

Lakini yale ni mawe, na hatua mia chache tu. Kesho ni pori.

Ijumaa, 14 Juni

Naandika mgongo ukiuma. Adhabu yangu ilikuwa hii: kwenda Usoke, na kurudi nyuma ya pikapu pamoja na ndoo, nikizishika.

Kwanza mama wa petroli. Kalunde akasimamisha, akazima gari, akanishusha. Mama mnene mpole, chupa zake zimepangwa juu ya meza. Bodaboda walewale wakasogea. Nikamwambia, mama, mimi ndiye baba wa huyu, petroli yako ni safi, kichafu kilikuwa kichwa changu. Akanitazama kuanzia kofia mpaka kandambili. "Basi nunua," akasema. Nikanunua chupa nne. Kalunde akapiga magoti kumwamkia, wakashikana mikono muda mrefu, wakanicheka wote wawili.

Kisha porini. Ndoo thelathini na tano, mifuniko imefungwa kwa kamba, na nyuki wachache waliokataa kuachana na mali yao wakatufuata. Yule bwana wa lori alikuwepo. Kofia kweli ni mpya. Wazee wa nyuki wamesimama mahali penye mchanga, palepale alipokuwa anakwama, hawataki kukosa.

Nilikuwa nyuma, sioni usukani, nasikia tu. Gia ya kwanza. Injini ikashuka sauti, chini kabisa, pale ambapo wiki iliyopita ilikuwa inakufa. Nikahesabu skrubu kichwani, moja mpaka nane, moja mpaka nane. Tairi zikatafuna mchanga. Ndoo zikanisukuma tumboni. Nyuki mmoja akaniuma sikio na sikuthubutu kuachia ndoo. Gari likatetemeka, likashika, likaendelea kutembea, likaendelea, mpaka nikaona wazee wa nyuki wanabaki nyuma yetu, wadogo, mmoja ameinua fimbo yake juu.

Kwenye lami akakanyaga. Nikaisikia sauti ikifunguka kifua, matundu manane. Nililia kidogo. Ni upepo.

Tumefika Tabora mnunuzi bado anakunywa chai. Mwenyekiti alikuja na bodaboda kuhakikisha. Akahesabu ndoo zote, akagonga mfuniko wa mwisho. Akamwambia Kalunde: "Binti, Jumatatu uje na kamba ndefu zaidi. Hizi fupi." Akaondoka.

Kalunde alikaa kwenye bampa dakika nyingi, mikono magotini. Nikakaa karibu. Sikutania. Iandikwe.

Jumapili, 16 Juni

Sikio limepungua uvimbe. Misa sikuangalia dari.

Nimempelekea Nasoro chupa ya asali na sinia lake. Amelitundika tena pale pale, na ubavu wake uliokatwa. Anasema sasa ufa hauonekani. Mteja akimuuliza, anasema kipande kingine kiko safarini Usoke. Vile visahani viwili nilivyoharibu kaviomba. Anawekea juu yake vikombe vya kahawa, chake na changu.

Kalunde amelala mchana, kwa mara ya kwanza mwezi huu. Kesho anaondoka mapema. Nikatoka taratibu kumkagulia oili na maji. Nikafungua boneti. Juu ya tumbo la kuingizia hewa, kwa chaki yake ya kuchorea nguo, ameandika kwa herufi kubwa:

BABA USITOE KITU.

Nikapima oili, ipo. Maji yapo. Chaki alikuwa ameiacha pembeni ya betri. Nikaandika chini yake, sawa mama. Nikafunga boneti kwa mikono miwili, isigonge, asije akaamka.